Hoteli Tatu na Kipande cha Pazia

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na mpaka leo kuna watu pale Kariakoo hawalijui jina langu la kuzaliwa, wananiita Bwana Pazia, na wengine wameshaoa na kuzaa na watoto wao nao wananiamkia "Shikamoo Bwana Pazia" kwa adabu kabisa wakidhani ni jina la ukoo. Sasa leo nimeamua niwasimulie mwenyewe, maana habari inayozunguka mitaani imetiwa chumvi mpaka imekuwa chungu (eti nilikamatwa na polisi, eti nilikimbia na pazia kichwani, uongo mtupu, sikukimbia hata hatua moja, na laiti ningekimbia ingekuwa afadhali).

Jina langu ni Idrisa. Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa Guangzhou nanunua vitambaa vya mapazia na majinzi kidogo ya kujazia kontena, na wakati huo sisi Waswahili pale Xiaobei tulikuwa wa kuhesabika, ukipiga chafya asubuhi adhuhuri watu wanakuletea tangawizi. Nilikuwa na sifa moja ninayojivunia kuliko zote, nayo ni kulinganisha. Mimi sinunui kitu mpaka nimezunguka. Hata soksi za kuvaa mwenyewe nazunguka maduka sita, nashika, navuta, nanusa, nauliza bei, naguna, naondoka, narudi. Wenzangu walikuwa wakinicheka nami nawacheka wao, nasema nyie mnaibiwa mchana kweupe.

Na kazi ya mapazia ina utaratibu wake. Unatembea na daftari na mkasi mdogo, ule wenye meno meno ambao ukikata kitambaa hakifumuki. Unaingia dukani, unashika kitambaa, ukikipenda unakata kipande cha ukubwa wa stempu, unakibana daftarini kwa pini, unaandika duka na bei, halafu unakwenda kulinganisha kwingine. Wenye maduka wenyewe wanakuvutia kitambaa ukate, hakuna anayenuna. Nimefanya hivyo miaka mitatu, maduka kumi na tano kwa siku, mpaka mkono wangu ukawa unajiendea wenyewe bila kuniuliza. Huo mkasi msiusahau, tutarudi kwake.

Wakati huo huo nilikuwa nimepeleka posa. Binti anaitwa Rukia, baba yake ana duka la vifaa vya ushonaji Magomeni, na mimi nilishanunua vifungo kwenye duka lile mwaka mzima, vifungo vya rangi zote, sina shati hata moja la kuvitia, ilimradi nipate kusimama pale mbele yake dakika tano. Mzee hakukataa wala hakukubali. Akawaambia wazee wangu, "Dada yangu Mwatima anasafiri kwenda huko huko China kununua mapambo ya kumbi za harusi. Atamwona kijana alivyo. Atakalosema yeye ndilo tutakalolifuata."

Basi Bi Mwatima akaja. Shangazi yake Rukia, mpambaji wa kumbi na mshonaji wa siku nyingi, mfupi, mnene kiasi, magoti yanamsumbua, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, sauti ya taratibu ambayo hajawahi kuipandisha kwa sababu hajawahi kuwa na haja. Nami nikamwita Shangazi tangu uwanja wa ndege, nikajitanguliza. Wiki mbili nilimbebea mizigo kwenye masoko ya Guangyuan Xilu, nikamtafutia mkahawa wa Waislamu wa tambi, nikamwonyesha kibla chumbani kwake kwa dira niliyonunua makusudi. Mambo yalikwenda vizuri mno. Alikuwa akinitazama kwa juu ya miwani na kusema "Haya baba," na hilo "haya baba" lake mimi nalala nalo, naamka nalo.

Sasa, akamaliza ununuzi siku tatu kabla ya ndege yake. Akaniita.

"Idrisa baba, nimesikia nje ya mji kuna mahali pana mabembea na wanyama, na hoteli humo humo ndani. Nataka nilale siku moja nipumzishe magoti, nikirudi nyumbani nami nina la kusimulia. Niangalizie hoteli. Mimi sina makuu. Kitanda kisiwe kirefu cha kupandia, bafuni pawe na maji ya kutosha, asubuhi nipate yai la kuchemsha. Vyakula vyao vingine siviamini."

Nikaenda kwa Musyoka. Huyu ni Mkamba wa Nairobi, rafiki yangu, alisoma Kichina huko kaskazini kabla hajaingia kwenye biashara ya viatu, akawa ndiye mdomo wetu sote. Musyoka akaniambia bila hata kuacha kula, "Buda, hiyo ni rahisi. Huko ndani hoteli ni tatu. Ya getini ina minara kama kasri, ya katikati iko ziwani, ya mwisho iko kule kwa wanyama. Shosho wako, huyo bibi, mchukulie ile ya ziwani. Napiga simu saa hii, kwisha."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Badala ya kusema "piga," nikasema, "Ngoja. Utanunuaje kitu hujakiona? Kesho twende naye, tuzizunguke zote tatu, nizilinganishe mbele yake." Nilitaka anione kazini. Nilitaka akirudi Magomeni aseme kijana yule mjanja, haibiwi, mke wake hatalala njaa.

"Kesho ni sikukuu yao," Musyoka akasema. "Watajaa kama siafu."

"Watu wakijaa ndiyo bei inazungumzika," nikamjibu (mpaka leo sijui nilimaanisha nini).

Tukaenda teksi moja, mimi, Shangazi na Musyoka. Shangazi kavaa baibui jipya, mkononi ana kikapu chenye chupa ya chai na maandazi aliyoyapika mwenyewe chumbani kwenye jiko la umeme. Mimi begani nina mkoba wangu wa kazi, na ndani ya mkoba lile daftari na mkasi wake, maana ningeuacha nyumbani ningejihisi niko uchi.

Hoteli ya kwanza ilikuwa kasri kweli, minara, bendera, mlangoni wamesimama vijana wamevaa kofia za manyoya katika lile joto, masikini. Ndani sakafu inateleza mpaka Shangazi akanishika mkono. Nikafika mapokezi, nikatoa kalkuleta yangu, nikamsukumia binti wa pale. Akashangaa, lakini akaandika bei. Nikafuta, nikaandika nusu yake. Binti akacheka kwa adabu akaonyesha ubao ukutani. Nikasema "tai gui," ghali mno, kwa ile sauti ya kuumizwa tunayoitumia sokoni, nikashika moyo kidogo.

Halafu nikafanya kile ambacho hakijawahi kuniangusha. Nikaondoka. Nyie mnaojua masoko ya kule mnaelewa: ukitaka bei ishuke unaondoka, taratibu, mabega yamelegea, na kabla hujafika mlangoni mwenye duka anakukimbilia, "pengyou, pengyou," rafiki, rafiki, rudi tuzungumze. Basi nikamshika Shangazi mkono tukaanza kuondoka. Hatua ya kwanza, ya pili, ya kumi, sikio langu lote liko nyuma. Kimya. Tukafika mlangoni, yule kijana wa kofia ya manyoya akatufungulia, akainama, tukajikuta tumesimama nje juani.

"Mbona hawakuiti?" Shangazi akauliza.

"Watatuita tu, Shangazi."

Tukasimama. Musyoka akawasha sigara, akaivuta mpaka ikaisha. Hawakutuita.

Nikasema haidhuru, ile ilikuwa ya majaribio. Tukatembea kwenda ya pili, na kutembea kule si mchezo, njia inazunguka bustani nzima, umati wa watu, watoto wamepakwa rangi za chui usoni, na Shangazi kila baada ya muda anasimama kupumzisha goti na kusema "Haya baba," ila hili "haya baba" sasa lilikuwa limepungua utamu.

Hoteli ya ziwani, jamani, ilikuwa nzuri. Ndogo, tulivu, madirisha yanatazama maji. Binti wa mapokezi alipomwona Shangazi anachechemea alitoka akamletea kiti mwenyewe kabla hajatuuliza tunataka nini. Nikaomba tuone chumba. Mama wa usafi akatupandisha, akafungua mlango, akatuacha akaenda kumalizia vyumba vya jirani. Kitanda kifupi. Bafu safi, maji yanatoka kwa nguvu. Nikatoa dira, kibla kiko upande wa dirishani, pana nafasi ya mswala tele. Shangazi akaketi kitandani, akavua viatu, akafumba macho kidogo.

"Hapa hapa baba," akasema. "Usinipeleke kwingine."

Mtu mwenye akili angesema alhamdulillahi akashuka kulipa. Lakini mimi nina kanuni, muuzaji asijue kamwe kwamba umekipenda kitu, na mlango ulikuwa wazi! Nikamkonyeza Shangazi anyamaze (nimemkonyeza shangazi wa mchumba wangu, hebu fikirieni) nikasema kwa sauti, "Aa, chumba kidogo, hakina maana."

Akanitazama juu ya miwani. Akaingia bafuni kutawadha, adhuhuri ilikuwa imeingia, Musyoka kasimama nje ukumbini anaongea na mama wa usafi. Nami nikabaki peke yangu na pazia.

Pazia lenyewe, ndugu zanguni, rangi ya zabibu na nyuzi za dhahabu, zito, linaanguka vizuri, kitambaa ambacho nilikitafuta miezi miwili kwa ajili ya mteja wangu wa Upanga nisikipate soko zima. Nikalishika, nikalivuta, nikaligeuza nione upande wa nyuma. Wallahi sikukusudia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshaingia mkobani wakati mimi bado nahesabu nyuzi kwa jicho, na nilichosikia ni "krrch," na kipande kiko kiganjani mwangu, na kona ya chini ya pazia la hoteli ina tobo la ukubwa wa stempu.

Mlango wa bafu ukafunguka. Nikakitupia kile kipande ndani ya daftari, sikukibana hata pini, nikaliachia pazia lijikunje lenyewe. Shangazi akasali pale pale, hatua mbili kutoka kwenye tobo, nami nimekaa kitini najipepea.

Alipomaliza tukashuka. Binti wa mapokezi akamwambia Musyoka, naye akaniambia, "Anasema ndicho cha mwisho kilichobaki. Chukua."

Cha mwisho! Pale Guangyuan kila kitu ni cha mwisho. Nimenunua viatu vya mwisho, halafu kesho yake nikavikuta rafu nzima. Nikacheka, nikasema "mwambie tunakwenda kuangalia kule kwingine," na ukweli ni kwamba nilitaka pia kuwa mbali na lile pazia kwa muda. Tukaondoka, mabega yamelegea. Hawakutuita na hawa.

Ya tatu sitaki kuisema sana. Ni mwendo mrefu kuliko ule wa kwanza, imepambwa kwa mbao na magome ya miti, bei yake nzuri, nafasi ipo, kitanda kimeinuka juu kama meza ya mkutano. Nilikuwa nishaanza kumsifia Shangazi dirisha lilivyo kubwa, ndipo simba akanguruma hapo chini ya dirisha, mpaka glasi zikatikisika. Shangazi akachukua kikapu chake.

"Idrisa," akasema, na hakuongeza baba, "mimi kwetu Tanga, sijawahi kulala karibu na simba maisha yangu yote. Nitoke Afrika nije nilale naye China?"

Musyoka akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Basi tukarudi ya ziwani, mimi nimembebea Shangazi kikapu. Njiani nikajipa moyo: hakuna aliyeliona tobo, nitalipa chumba bila maneno, Shangazi atalala, mambo yataisha. Tukaingia mlangoni. Ukumbi ulikuwa umefurika, familia zenye mabegi, na kundi zima la watalii wa kofia za njano wanaomfuata mtu mwenye kibendera. Yule binti wa mapokezi aliponiona tu akaruka kutoka nyuma ya meza yake akanikimbilia, mikono juu, "Pengyou! Pengyou!"

Siku nzima niliisubiri sauti hiyo. Nikanyoosha mgongo, nikamnong'oneza Shangazi, "Umeona? Wenyewe wanatukimbilia."

Nyuma ya binti akatokea meneja, bwana mwembamba mwenye tai. Nyuma ya meneja mama wa usafi, na mikononi mwa mama wa usafi, likiburuzika sakafuni, lile pazia rangi ya zabibu.

Meneja akaongea taratibu, Musyoka akasikiliza, akanitazama, akatafsiri. "Wanasema pazia limekatwa. Wanasema asubuhi lilikuwa zima, na leo hicho chumba tumeingia sisi peke yetu."

Hapo bado palikuwa na njia. Ningesema samahani, mkono wa kazi, nionyesheni pa kulipia. Lakini Shangazi alikuwa amesimama ubavuni kwangu, na nilichokiona mbele yangu ni Rukia na vifungo vyangu vyote vile, nikafungua mdomo nikasema, "Waambie si sisi. Pengine ni panya."

"Panya," Musyoka akarudia.

"Panya."

Akatafsiri. Meneja akalichukua pazia akaonyesha ile kona, na kingo za tobo lile zilikuwa na meno meno yaliyopangika vizuri kabisa, juu, chini, juu, chini. Ingebidi awe panya aliyesomea ushonaji. Shangazi akavaa miwani, akaishika ile kona, akaitazama muda. Halafu akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo, sisi wawili tu.

"Si wewe?"

"Si mimi, Shangazi."

Akaivua miwani. Akamgeukia meneja, akaongea Kiswahili chake cha Tanga taratibu, na Musyoka anafuata nyuma kwa Kichina. "Mwambie huyu ni mkwe wangu. Mkwe wangu hasemi uongo." Halafu kwangu, "Idrisa, wafungulie mkoba wako waridhike, twende tukapumzike."

Mkwe wangu! Wiki mbili nzima nililisubiri neno hilo, na ona lilivyonijia. Nilitamani sakafu ipasuke. Nikasema mkoba una vitu vya biashara tu, nikasema zipu mbovu, nikasema jambo fulani kuhusu pasipoti, hata sikumbuki. "Fungua baba," akasema. Nikafungua. Nikatoa daftari nikiwa nimelibana kwa mikono miwili, lakini kile kipande ambacho sikukitia pini kikachomoka, kikaelea taratibu kikatua juu ya kiatu cha meneja.

Akakiokota. Akakipachika kwenye tobo. Kikakaa sawasawa, na nyuzi za dhahabu zikaungana. Lile kundi la kofia za njano, ambalo sasa lilikuwa limetuzunguka duara kamili, likasema "Ooo!" kwa pamoja, wengine wakapiga makofi, na kamera zikaanza.

Shangazi hakunigombeza. Aliomba kiti, akaketi, akatoa kwenye pochi sindano na uzi (hatembei bila), akamwambia Musyoka, "Waulize, nikiukunja upindo upya wote, mwanzo mpaka mwisho, pazia likawa fupi kwa kidole kimoja, watakubali?" Meneja akafikiri, akakubali. "Haya. Idrisa, linyanyue."

Basi nikalinyanyua. Pazia zito lile, mikono yote miwili juu, limenifunika kuanzia kidevuni mpaka vidoleni, na yeye amekaa chini yangu anashona, sindano inakwenda sindano inarudi. Nikadhani itakuwa dakika kumi. Alipomaliza akalitazama, akasema, "La pili nalo, yasije yakapishana." Wakaenda kuleta la pili. Mikono imekufa ganzi. Wale wa kofia za njano wakaja mmoja mmoja, halafu wawili wawili, wakasimama kando yangu wakapigwa picha, na bibi mmoja akanigusa shavu akanionyesha kwa vidole kwamba nitabasamu. Nikatabasamu. Huko China kuna majumba, nina hakika, ambamo mpaka leo nimo kwenye albamu nimevaa pazia.

"Buda," Musyoka akaniambia sikioni, machozi ya kicheko yanamtoka, "kwa kweli limekutoa vizuri."

Shangazi akakata uzi kwa meno. Meneja akalikagua lile pazia, akatafuta kona iliyokatwa, asiione, akainama mbele yake kwa heshima. Tena chumba kilikuwa kipo bado, kwa sababu moja tu: hawakuweza kumpa mtu chumba kisicho na pazia. Nikalipa bei ya ubaoni, kalkuleta sikuigusa.

Kabla hajapanda, Shangazi akakinyanyua kile kipande kutoka mezani, akakitia kwenye pochi yake. Ndipo akaongea.

"Nilipoyaona yale meno ya mkasi tu nilijua, mimi ni fundi. Nikakuuliza nikakupa nafasi. Kukata pazia ni mkono, nakuelewa, hata mimi mkono wangu una wazimu wake. Pazia nimelishona. Huo uongo utaushona mwenyewe. Kesho nikirudi mjini utampigia Rukia, utamweleza yote kwa mdomo wako, nami nitakuwa nimekaa pembeni nasikiliza."

Usiku ule sikulala, na sioni haya kusema nililia kidogo.

Kesho yake, kwenye kibanda cha simu cha Xiaobei, Shangazi kaketi kwenye kiti, goti lake limepona kabisa (yai la kuchemsha alilipata, ziwa lilimpendeza), Musyoka kajibanza mlangoni kwa sababu alisema hawezi kulikosa. Nikapiga simu dukani Magomeni. Rukia akapokea. Nikamweleza. Hoteli ya kwanza, ya pili, mkasi, simba, panya. Nilipofika kwa panya nikasimama, nikasema, "Nilimdanganya Shangazi yako usoni kwa sababu nilikuwa naogopa kukukosa. Ndivyo ilivyokuwa. Sasa sema wewe."

Nikasikia anavuta pumzi aseme, na hapo hapo kadi ya simu ikaisha.

Sijawahi kukimbia hivyo. Nikatoka nikaingia duka la kwanza, la jirani kabisa, nikasema "kadi!" na mwenye duka akataja bei, bei ya wizi, bei ambayo siku zote ningeicheka mpaka nikae chini, nikampa pesa nikainyakua. Musyoka anasema huo ndio wakati pekee maishani mwake alioniogopa. Nikarudi nikapiga, vidole vinateleza.

Rukia akapokea. "Mbona umechelewa?" akauliza. "Ulikuwa unalinganisha kadi?"

"Nimechukua ya kwanza niliyoiona."

Halafu nikasikia anacheka, kwanza kidogo, halafu kile kicheko ambacho nilikuwa nakinunulia vifungo. "Basi rudi nyumbani," akasema. "Ila mapazia ya nyumba nachagua mimi." Shangazi akanyoosha mkono akaichukua simu, akasema maneno matatu tu, "Mpe baba yako," akanifukuza kibandani kwa kiganja.

Ukumbi wa harusi alitupambia yeye. Asubuhi yake, wakati ananirekebisha joho, akanibana kitu upande wa ndani kifuani kwa pini, akasema nisikitoe mpaka jioni, na nyie mnajua ni kitu gani. Sasa kiko kwenye droo ya Rukia. Nikianza kumweleza jambo na maelezo yakawa marefu kuliko kawaida, yeye habishani, anaivuta ile droo kidogo tu, nami naanza upya kutoka mwanzo.

Na kulinganisha nimeacha. Mwaka jana tulikwenda Dodoma, hoteli ya kwanza tuliyoiona tukaingia, dada wa mapokezi akasema samahani, kimebaki kimoja cha mwisho. Nikamwamini. Tukapanda, tukakuta chumba kina joto, nikaenda dirishani nikalisogeza pazia kwa ncha za vidole viwili, na nilipogeuka Rukia alikuwa amesimama mlangoni, begi bado mkononi, ananitazama mikono.